Siku Gathii Alipozima Moto wa Wakwe

Kuna watu wakinunua kitu kipya hawana raha mpaka dunia nzima ijue, na Gathii wa Kitale ndiye mwenyekiti wao. Tangu alipobeba nyumbani lile jiko lake la umeme, la sumaku, kioo cheusi tii, chembamba kama sinia, mtaa haukupumua! Ukimwamkia tu, umekwisha. Atakuvuta ndani, ataliwasha, ataweka kiganja juu ya kioo na kukuuliza kama umemwona akiungua. Hujamwona. Kisha atachemsha maji kwa ile sufuria aliyopewa dukani kama zawadi, nawe utakunywa chai hata kama umetoka kunywa kwako. Jirani mmoja alianza kupitia nyuma ya choo ili asialikwe.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia asiende nalo ukweni? Thubutu!

Ukweni kwenyewe ni Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwa Mzee Khisa, babake Naliaka, mchumba wake. Siku hiyo wazee wa ukoo walikuwa wanakutana kumpa Gathii tarehe ya harusi. Na wazee wale hawaongei na njaa. Kwanza ugali na kuku, ndipo maneno. Firigisi ya huyo kuku anapewa mkwe, anaitafuna mbele yao wote, na hapo mambo yamefungwa. Kuku asipoliwa hakuna tarehe, na tarehe isipotolewa leo, ni kungoja mpaka mahindi yavunwe. Gathii alikuwa amemngoja Naliaka hadi nywele za utosini zimeanza kumhama. Kungoja tena hakukuwa kwenye mipango yake.

Alifika na rafiki yake Kipkorir, kijana mpole asiyeongea mpaka aulizwe. Kabla hata hajakaribishwa kiti, Gathii akatangaza kwamba siku za moshi katika boma lile zimekwisha. Kuku wa leo angepikwa hapo sebuleni, wazee wakitazama, bila kuni, bila moto, bila jivu. Naliaka akamnong'oneza aache, angalau leo tu. Wapi! Gathii alishika ndoo ya maji akaenda mpaka mlango wa jikoni. Kuingia hangeweza, maana mama mkwe alikuwa ndani na huyo hatazamwi usoni. Basi akafumba macho kwa heshima zote, akarusha maji. Moto ukalia chwaa na kuzimika. Mama mkwe naye akatoka kupitia mlango wa nyuma, amelowa hadi magotini.

Sebuleni, televisheni ilichomolewa, jiko likachomekwa. Kuku alikuwa ameshakatwakatwa, yumo ndani ya sufuria kubwa kuliko zote za boma. Gathii akaiweka juu ya kioo, akabonyeza kwa kidole kimoja kama daktari.

Piip. Piip. Piip. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka.

"Linasema nini?" Mzee Khisa akauliza.

"Linamsoma kuku, mzee. Likishamjua ndio linaanza."

Wazee wakanyamaza ili kuku asomwe vizuri. Alisomwa wee! Mzee mmoja akasinzia, akaamka, akauliza kama kuku amefika darasa gani. Gathii, jasho likimtoka, akabadilisha sufuria. Piip. Akaleta ya uji, akaleta birika, akaleta hata chungu cha kuchemshia maharagwe. Jiko lilivikataa vyote sawasawa, bila upendeleo.

Hapo ndipo Kipkorir alipomvuta kando. "Si yule jamaa wa duka alisema lazima sufuria ishikwe na sumaku? Hizi sufuria zote ni aluminiamu tupu, bana, na chungu ni udongo. Ile yako ya zawadi iko wapi?"

Ile ya zawadi ilikuwa Kitale, kwenye kabati, inang'aa.

Lakini Gathii si mtu wa kushindwa mbele ya wakwe. Alifungua redio mbovu iliyokuwa kwenye kona, akang'oa sumaku ya spika yake, akamwambia Kipkorir akae na wazee hapo asiwaache waondoke. Yeye akatoka mbio kutafuta sufuria kwa majirani.

Sasa, kijijini wanamjua mtu wa aina moja tu anayezunguka boma kwa boma na sumaku mkononi: mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama wa kwanza, kabla Gathii hajamaliza kueleza, alishamletea jembe lililovunjika na kumuuliza mizani iko wapi. Alipofika boma la tatu, nyuma yake kulikuwa na msafara! Huyu na fremu ya baiskeli, yule na plau, mwingine anaburuta wilbaro isiyo na gurudumu. Na ile sumaku, ibilisi wewe, ilikamata kila kitu isipokuwa kitu cha kupikia. Ilikamata panga. Ilikamata mlango wa choo. Ilikamata karai la fundi wa nyumba, lakini karai lina tako la duara, na simiti ilikuwa bado imo.

Njiani akakutana na mzee mmoja wa koti refu, aliyeshuka kwenye bodaboda na mkongojo wake. Mzee akamsimamisha, akamsema palepale kwamba ni watu kama yeye wanaong'oa mageti ya wenzao usiku.

"Mzee, nipishe," Gathii akajibu. "Niko na kazi ya maana." Akampita.

Hatimaye, kwa mama mmoja muuza chapati, sumaku ilidaka kikaango kizito, cheusi, bapa, ikakishika mpaka Gathii akaibandua kwa mikono miwili. Karibu alie kwa furaha. Alikikumbatia kile kikaango na kukimbia kurudi, mafuta ya jana yakimpaka shati jeupe kifuani, msafara wa vyuma ukimfuata.

Mlangoni alipokewa na harufu ya kuku aliyeiva.

Mama mkwe hakuwa mjinga. Gathii alipogeuka tu, aliwasha moto upya nyuma ya nyumba, kuku akapikwa, ugali ukasongwa. Na wakati Mzee Khisa ametoka kumtafuta mkwe wake, mzee mkuu wa ukoo, Mzee Sifuna, akawa amewasili kutoka Lwakhakha. Hakuwahi kumwona Gathii. Alimkuta kijana mgeni ameketi katikati ya wazee, mtulivu, anajibu akiulizwa tu, akampenda papo hapo. Akamkabidhi firigisi kwa mkono wake mwenyewe. Kipkorir alijaribu kueleza, wazee wengine wakakohoa, lakini mzee mkuu akiongea hakatizwi, na mzee aliponyamaza, firigisi ilikuwa mdomoni.

Tarehe ikatolewa. Wazee walikuwa wananawa.

Mzee Sifuna akainua macho, akaona mlangoni mtu wa mafuta na kikaango, sumaku imening'inia, plau nyuma yake. Na mzee mwenyewe alikuwa na koti refu na mkongojo: ndiye yule wa njiani.

"Huyu mwizi wa vyuma amenifuata mpaka huku?"

"Mzee," Gathii akasema, "mimi ndiye mkwe."

"Mkwe amekula firigisi. Wewe umekula nini?"

Mzee Khisa, aliyekuwa amerudi akihema, akainama akamweleza sikioni. Kipkorir akatazama vidole vyake vya miguu. Naliaka, mlangoni pa ua, alikuwa anatokwa na machozi, na hata yeye hakujua kama ni ya kicheko au ya hasira. Gathii aliona aibu mpaka kikaango kikamponyoka.

Wazee wakashauriana kwa minong'ono. Mwishowe Mzee Sifuna akagonga mkongojo sakafuni. Kuku ana firigisi moja tu, akasema, na imeshamezwa. Haiwezi kumezwa tena na mtu mwingine. Tarehe imefutwa.

"Rudi mahindi yakishavunwa," akamwambia Gathii, akisimama. Kisha akamgeukia Kipkorir na kumpiga bega kwa upole. "Na wewe usikose. Wewe ndiye tunayekujua."