Albamu ya 1971, Albamu ya 1980 na Kochi Letu

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa pili wa ndoa! Mume wangu kaamka na alama ya mto shavuni. Mzuri mpaka basi. Nimemtazama akipiga mswaki, chai yangu ikapoa.

Ila bado nina donge la juzi. Wifi, dada yake mkubwa, huja kila Jumamosi na sahani zake za santuri. Mume wangu huweka albamu ya roki ya zamani. Wifi huweka ya wale waliokuja baada ya panki, ule muziki wa fujo, wenye makoti meusi na nyuso za msiba. Kisha huzishindanisha. Gitaa la mwaka huu, ngoma za mwaka ule, nani kamwiga nani. Wote wawili juu ya kochi letu. Kochi la watu wawili! Mimi kwenye stuli ya jikoni, kama fundi aliyekuja kuziba bomba. Nilipouliza swali, wifi akasema nipumzike tu, haya ni maradhi ya ukoo wao.

Basi nami nitaugua! Jumamosi hii, kiti cha ubavuni mwa mume wangu ni changu.

Jumanne, 5 Machi
Mume wangu hukata vioo vya miwani na hutoka kazini jioni sana. Mimi kazi yangu ya duka la kufulia nguo huniachia mapema. Kwa hiyo nyumba yangu, mashine ya santuri yangu!

Sahani za Jumamosi zipo tayari rafuni. Yake ni ya 1971, jaladani wanaume wanne wenye nywele ndefu kunishinda. Ya wifi, aliyoiacha hapa, ni ya 1980, jalada la kijivu, ngazi isiyokwenda popote. Mashine ina kitufe chenye 33 na 45. Nimeweka 45. Ndoa changa, tujinyime kwa nini?

Jamani, kumbe raha! Hiyo ya 1980 inachangamsha ajabu. Dada anaimba kwa sauti nyembamba, mbio mbio, kama ana basi la kuwahi. Nimecheza mpaka nikaangusha stuli.

Alhamisi, 7 Machi
Jirani wa chini kabisha hodi. Kanipongeza. Nikamwambia asante, ndoa tamu. Akasema hapana, anapongeza mtoto, maana kila jioni anasikia katuni. Masikini, hana sikio la muziki. Nimemsamehe.

Nimesikiliza ya 1971 tena. Gitaa linalia kama mbu aliyefungiwa chupani. Mume wangu husema upande wa pili ni wimbo mmoja mrefu kupita kiasi. Mbona mimi umeniishia kabla sijakunja soksi zake? Soksi zake! Hata soksi zake nazipenda.

Ijumaa, 8 Machi
Mume wangu kauliza ninachoimba jikoni ni nini. Nikamwambia atajua kesho. Akanibusu kipaji cha uso. Nimeunguza chakula. Tumekila kwa mapenzi.

Jumamosi, 9 Machi
Wifi hajavua hata viatu, mimi nimeshakaa kochini. Akasimama, akanitazama. Nikatangaza kwamba nimefanya utafiti na hukumu naitoa kabla sahani hazijawekwa.

Nikasema wa 1971 wana vipaji ila wana papara, wapunguze. Wa 1980 wamewashinda kwa furaha. Hasa yule dada mwimbaji!

Wifi akauliza dada yupi. Nikamwambia huyo huyo, mwenye sauti ya kifaranga.

Mume wangu akaweka sahani, akagusa kitufe. Ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, kama mtu anayelalamika ndani ya tangi la maji. Ngoma zikajikokota. Nikauliza bwana huyu kamfanya nini dada yetu.

Mume wangu akakitazama kitufe, akanitazama mimi. Akauliza taratibu nilikuwa nasikilizia namba ngapi. Nikanyoosha kidole kwenye 45. Akanieleza kuwa hiyo ni kasi ya sahani ndogo. Hizi kubwa huzungushwa kwa 33.

Wifi akajifunika uso. Nikajua nimemwudhi. Kumbe anacheka, kashika mbavu! “Wifi wee! Yule bwana wa majonzi umemgeuza panya!”

Nilitamani kurudi kwenye stuli yangu, na stuli izame sakafuni. Nilishanyanyuka.

Mume wangu akanishika mkono. Akarudisha 45, akaniomba nimwonyeshe nilivyocheza. Nikamwonyesha. Naye akacheza, laazizi wangu, na miguu yake hiyo mirefu! Akasema wamebishana na dada yake tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuupa mwaka 1980 ushindi wa furaha. Wifi akacheza na mto wa kochi. Kisha akaburuta stuli, akakaa yeye, awe karibu na kitufe.

Mume wangu akakaa kochini. Ubavuni mwangu!

Jumapili, 10 Machi
Ushindi! Hakuna kama utafiti wa kina.

Wifi kapiga simu asubuhi. Ana bendi na wenzake wa kazini, na mume wangu huwapigia gitaa. Mpiga ngoma wao kahama mji. Akauliza kama namjua yeyote. Nikamwambia anaongea naye! Nimepiga tangu shule.

Mume wangu akashusha gazeti taratibu.

Mazoezi ni Jumatano, na mpiga gitaa husimama hatua mbili tu kutoka kwenye ngoma. Vijiti viwili, mikono miwili, tatizo liko wapi? Masufuria ya kujifunzia nimeshayapanga sakafuni. Kuna lile goma la kukanyaga kwa mguu, bado sijajua ni la nini. Nitalikanyaga kwa mapenzi.