Tetemeko la Saa Tatu Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Nakiri mapema, kabla sijafa au sijasahau, lolote litakalotangulia: sitembei. Ukoo mzima unaamini kwamba kila asubuhi nazunguka ua mpaka jasho linitoke. Uongo mtupu! Nakaa kwenye kiti cha kubembea, mkanda wa utafiti kiunoni, najibembea.

Mkanda ameutengeneza binti yangu, mhandisi. Ndani yake kuna kidude kinachohisi mwili unavyoyumba. Daktari kijana wa chuo kikuu ametufunga sisi wazee wa mtaa mikanda hiyo, ajue kama kutembea kunapunguza kuanguka. Alinipa karatasi ya maelezo. Nikatia sahihi bila kuisoma. Profesa mzima wa hisabati, nisomeshwe utafiti?

Kwa nini nadanganya? Miguu imegoma. Na mwanangu wa kiume anataka kunihamishia kwake, ghorofa ya nne, ambako televisheni haizimwi hata watu wakilala. Binti akamwambia kaka yake wangoje kwanza mkanda useme. Basi utasema ninavyotaka mimi. Nataka kufia hapa, vitabu vyangu vikiniangalia.

Daktari wa moyo anasema moyo wangu sasa unafanya kazi kwa hisani tu. Naushukuru.

Jumanne, 4 Machi

Mawe amepita dirishani kwangu tena na tena, makusudi. Huyu ni jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja. Alikuwa profesa wa miamba na matetemeko ya ardhi. Jina la Mawe nilimpa mimi tukiwa vijana chuoni. Yeye ananiita Sifuri mpaka leo.

Naye kavalishwa mkanda. Tofauti ni kwamba anatembea kweli! Fimbo mkononi, kifua mbele, kama anakagua gwaride. Akauliza mbona hanioni uani. Nikamjibu natembelea ndani, jua haliifai ngozi ya msomi. Akataka kujua ni ngozi ya msomi au ya kobe.

Hasira! Nimeongeza kasi ya kubembea. Kiti kimelia kama punda. Nimekipaka mafuta ya nywele.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Mawe kaja na karatasi ndefu yenye mistari. Kumbe ile mashine yake kuukuu ya kupimia mitetemo bado inafanya kazi, ipo sakafuni, imeegemea ukuta wetu. Na tangu wiki iliyopita inaandika tetemeko dogo kila siku. Linaanza saa tatu asubuhi. Linakoma saa ya chai. Kisha linarudi kidogo, kama lililokumbuka jambo. Anasema hajapata kusoma wala kusikia habari ya tetemeko lenye adabu namna hii. Aliishika karatasi kama mtu aliyeshika mtoto mchanga.

Nikakitazama kiti changu. Kiti nacho kikanitazama.

Nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu nilitaka! Lakini Mawe hana kifua. Ukimwambia yeye asubuhi, adhuhuri binti yangu anajua. Halafu tangu afiwe na mkewe sijamwona akipanda ngazi zangu bila kulalamika. Leo kazipanda kimya.

Jumamosi nitamwambia. Au baadaye.

Alhamisi, 6 Machi

Mawe anahitaji mwanahisabati. Imemuuma kusema, nikamlazimisha aseme mara ya pili. Anataka kanuni ya tetemeko: litakuja lini, kwa nguvu gani.

Nikakaa na penseli mchana kutwa. Nikakuna kichwa. Nikafuta, nikapumua kwa uzito, nikaomba karatasi zaidi. Mwishowe nikatamka: kesho litachelewa, litaanza saa tatu na robo, dogo mwanzoni, kubwa mwishoni.

Akanishika mkono. Alisema likija hivyo, tunaandika makala, na jina langu litakaa kando ya lake. Jina langu! Tangu nistaafu halijachapwa popote isipokuwa kwenye bili ya maji.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu na robo kamili. Dogo mwanzoni, kubwa mwishoni. Magoti yanawaka moto, lakini sayansi bila kujitoa haiendi.

Nikamsikia Mawe upande wa pili wa ukuta akipiga ukelele kama kijana aliyefaulu mtihani. Akaja mbio za fimbo. Kaniita Profesa! Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza. Kisha tukagombana jina la nani litangulie. Mimi nikasema mwenye kanuni. Yeye akasema mwenye mashine, tena kama si yeye mimi ningekuwa bado Sifuri. Tulitukanana vizuri sana, mpaka chai ikapoa.

Sijapata siku tamu kama hii mwaka huu.

Jumamosi, 8 Machi

Kesho binti na daktari wanaleta matokeo ya kwanza. Je, kama kubembea hakutoshi?

Mpango mpya: mama anayetufulia nguo avae mkanda wangu leo, azunguke nao kazini. Nikamwendea kwa heshima zote. Akasimama, povu mpaka viwikoni, akaniuliza kiuno chake kinaingia kwenye utafiti kwa mshahara gani. Nikamweleza kwamba nimefundisha watu ambao leo ni wakuu wa vyuo. Akauliza kama na wao walikuwa wanavalisha watu mikanda. Nikarudi ndani.

Sikumwambia Mawe. Alikuwa anaandika makala. Haifai kumkatiza mtu anayeandika.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja. Daktari ameniamkia shikamoo, kafungua kompyuta taratibu kama mtu anayefungua jeneza. Nikaona heri niaibike kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasimama, nikashikilia kiti, nikasema yote: sijatembea hata siku moja, nilijibembea, mkanda umewadanganya, nisameheni.

Kisha binti yangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza. Akasema, “Baba, mkanda unajua aliyekaa na aliyesimama. Tangu siku ya kwanza tunakuona unapiga kasia nchi kavu!”

Daktari hakucheka, ana malezi. Alikohoa, akasema kwa upole kwamba mimi sikutakiwa kutembea. Mawe yuko kwenye kikundi cha watembeaji. Mimi niko kwenye kikundi cha wanaoendelea kuishi kama kawaida, ili watembeaji wapate wa kulinganishwa nao. Imeandikwa kwenye karatasi. Juu kabisa. Kwa herufi nene.

Mimi! Maisha yangu yote nimewapigia kelele watoto wa watu darasani kwamba utafiti usio na kikundi cha kulinganisha ni porojo. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba naweza kuwa ndani ya kikundi hicho. Nilidhani huwekwa watu wengine.

Lakini sikilizeni hili. Wenzangu wa kikundi walipowaona watembeaji mitaani waliona haya, wakaanza kutembea kwa siri. Wameharibu hesabu. Mimi peke yangu nimekaa kwa uaminifu. Daktari kaniita mshiriki wa mfano! Nikamwomba arudie, binti asikie vizuri.

Binti alipomaliza kucheka akapiga magoti mbele ya kiti changu, kama alipokuwa mdogo. Akasema mkanda haukuwa wa kunihamisha. Alimwambia kaka yake wangoje ili anipatie muda. Ataleta fundi afunge vyuma vya kushikilia bafuni, nami nitabaki kwangu. Sharti moja tu: nikianguka, nimwambie siku hiyohiyo. Nisimfiche.

Nikaapa, mkono juu ya moyo wa hisani.

Habari za tetemeko hakuniuliza. Asiyeulizwa hajibu.

Jumatano, 12 Machi

Vyuma bado. Fundi alisema kesho, na kesho ya fundi haina tarehe.

Mawe ameingia asubuhi bila kubisha hodi, karatasi inapepea. Tetemeko kubwa! Kishindo kimoja, leo alfajiri, kalamu ya mashine nusura itoke kwenye karatasi. Anasema yale madogo yote yalikuwa yanabisha hodi tu. Akanilaumu mbona kanuni yangu haikulitabiri. Nikamwambia kila kanuni ina kikomo chake. Ameliandika kwenye makala kwa wino mwekundu. Jina lake linatangulia. Nimekubali bila ugomvi, mpaka akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Saa nne binti akapiga simu ya video. Akaona kiwiko kimevimba. “Baba, kulikoni?” Sikupepesa jicho. Nikamwambia ardhi ilitikisika, nikajigonga mlangoni, amuulize Mawe. Naye Mawe, mtu mkweli, akaisogelea simu na kumwonyesha mstari. Akamwambia, “Huu ni ushahidi wa kisayansi, mwanangu. Huyu baba yako kwa mara ya kwanza hajakosea.”

Binti akautazama mstari, kisha kiwiko. Akasema jioni atakuja kulitazama hilo tetemeko mwenyewe. Aje tu. Nimeshapanga la kumwambia.

Sasa Mawe ametandaza ramani mezani kwangu, anataka tukadirie kitovu. Nimemchorea duara pana, mbali kabisa, kule kwenye milima. Anapiga mluzi. Kanimiminia chai kwa mkono wake.

Humu tu, kwa kuwa mtasoma nikiwa siwezi tena kuhamishwa popote, naandika hesabu sahihi. Kitovu kilikuwa bafuni kwangu, kati ya ndoo na mlango. Nilianguka.