Malalamiko Kuhusu Hospitali Iliyofunguliwa Ndani ya Depo Yangu ya Unga

Lubumbashi, Juni 2025

Kwa Yaya Régine, dada yangu mkubwa, mama mzazi wa Daktari Donat, huko Butembo.

Yaya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vita havijasogea tena karibu na mlango wako. Mimi mdogo wako Mumbere, mwuzaji wa unga na chumvi kwa jumla, nakuandikia kwa heshima zote na uchungu wote kuhusu mtoto wako. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Unajua alivyofika. Hospitali yake ilipofungwa kwa ajili ya vita, alizunguka na malori kupitia Uganda, Tanzania na Zambia, akashukia mpakani Kasumbalesa na begi moja na kompyuta yake. Nilimpokea kwa furaha. Nikamwambia daktari hakosi kazi Lubumbashi. Akajibu, "Ndiyo, Tonton," kama anavyoniita mimi mjomba wake, akaenda kulala. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtoto wako hatoki, hacheki, hatafuti kazi. Anacheza. Mchezo wenyewe umo ndani ya kompyuta: unajenga hospitali, unaajiri madaktari na wafagiaji, halafu wagonjwa wanaingia na magonjwa yasiyo ya dunia hii. Mmoja nilimwona kwa macho yangu, masikio yake yanatoa moshi. Nilimwuliza Donat kama hiyo ndiyo elimu tuliyomchangia ukoo mzima. Akasema bila kugeuka, "Tonton, ngoja kidogo, niko na urgence, mgonjwa wa dharura."

2. Umeme wetu huku huja unapotaka. Ukikatika, jenereta ya depo inawashwa, si kwa ajili ya biashara yangu, bali ili upasuaji wa kwenye kompyuta usikatike katikati. Siku moja niliizima. Mke wangu Albertine akaiwasha tena, akaniambia, "Acha mutoto acheze. Wakati anacheza, haiko analia." Mafuta nanunua mimi, Yaya, na siku hiyo nikaenda kununua mengine.

3. Ameambukiza wafanyakazi. Rigobert, mpakizi wangu hodari, sasa anasimama nyuma ya kiti cha Donat na kutoa ushauri: "Docta, ongeza viti, bantu banachoka!" Mama Dorcelle, mteja wangu wa Kasomeno, alikuja kuchukua chumvi akawakuta wakibishana choo cha hospitali kikae wapi. Badala ya kukasirika, naye akatoa maoni yake. Choo kikahamishwa. Chumvi akaisahau.

4. Sasa sikiliza hili. Rigobert alianguka kutoka juu ya mifuko, bega likachomoka. Alipiga kelele hadi barabarani. Nikamwita Donat. Akaja, akasimama juu yake, mikono imening'inia, uso hauna damu. Akaniambia polepole, "Tonton, huyu siwezi kumusimamisha nikafikiri kwanza." Maana katika mchezo, ukizidiwa, unasimamisha wagonjwa wote, unakunywa chai, unarudi.

Rigobert akamjibu kutoka chini, "Docta, hata mimi sitaki kusimama. Rudisha tu bega yangu!"

Donat akapiga magoti. Akaushika ule mkono kama mtu anayeshika yai, akawa anauvuta taratibu huku akimwuliza Rigobert habari za watoto wake, mpaka tukasikia bega likirudi mahali pake. Rigobert akatukana, halafu akashukuru. Donat akakaa juu ya mfuko uliopasuka, akalia. Ndipo akatueleza habari za siku ile waliyokimbia, na za wale wagonjwa ambao hakuna aliyeweza kuwabeba. Sitakuandikia alichosema. Atakuambia mwenyewe akiweza. Ninacholalamikia mimi ni kwamba mchana huo hatukuuza hata kilo moja, na kwamba mwenye depo alionekana akilia mbele ya wateja, jambo ambalo halijengi biashara.

5. Mnyonge kuliko wote ni mimi. Rigobert hakunyamaza, alionyesha bega lake mtaa mzima. Sasa watu wanakuja tangu asubuhi, wenye homa, wenye vidonda, wenye watoto wanaokohoa. Donat amesogeza mifuko yangu ya unga ili kupata njia ya kupita. Turubai la lori limekuwa ukuta wa chumba cha akina mama. Albertine ameleta maua ya kwenye makopo, eti mchezo unafundisha kwamba mgonjwa akiona majani anatulia. Mimi nimewekwa mlangoni kuuliza kila anayeingia anaumwa nini. Juzi mtu aliniomba mfuko wa unga, nikamwuliza ugonjwa ulianza lini.

Yaya, hatuna ruhusa ya kuwa hospitali. Tuna ruhusa ya unga.

Kwa hiyo naomba, kwa mamlaka uliyo nayo kama mama, umpigie simu umwamuru atafute hospitali ya kweli, yenye vitanda na dawa, aniachie depo yangu. Kila siku anayokaa hapa ni hasara kwangu na aibu kwa serikali.

Nisalimie ndugu zetu Madeleine na Edith na watoto wao wote, na waimbaji wa kwaya yako, hata yule anayekuharibia sauti ya pili. Albertine anakukumbatia.

Mdogo wako mtiifu, aliyepokonywa depo mchana kweupe,
Mumbere

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, amekuja bwana mmoja wa zahanati ya huko njia ya Kasenga. Amesikia habari za Donat na anatafuta daktari. Ana vitanda, ana dawa, ana hata nyumba ya kumpa. Nilimwambia pole sana, Donat amerudi kwao. Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni, mimi mzee wa kanisa. Halafu nikasikia nyuma yangu, "Tonton, niko hapa."

Anaondoka Jumatatu. Tafadhali mwandikie haraka umkataze. Sababu utafute wewe, Yaya. Mimi zangu zimekwisha.