Viatu vya Mke Wangu Vyaingia Sinema

Jumatatu, 3 Machi
Nakiri: nimeiba. Viatu vya mke wangu, vile vyeusi vya kisigino, vya kutokea. Lakini ningefanyaje? Miaka ishirini na mbili kwenye filamu! Nimebeba nyaya, nimeshika taa, nimepiga pasi suruali za askari wa uongo, nimekuwa mkono wa maiti. Sasa natengeneza sauti. Mjane anatembea kwenye skrini, mimi natembea studio kwa niaba yake. Jina langu halijawahi kutokea mwishoni mwa filamu, hata mara moja. Safari hii mwongozaji kaahidi: hatua za mjane zikikubali, jina linaingia. Mhariri kacheka. Eti sauti za viatu zimejaa kwenye kompyuta, mzee wangu, unajichosha nini. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Viatu namba thelathini na nane. Mguu wangu arobaini na tatu. Nikavivaa mikononi. Wapi! Mkono hauna uzito wa mjane. Nikavikata nyuma kwa kisu, vidole vikaingia. Kila hatua, kiatu cha kushoto: kwii! Mwongozaji kafumba macho, kasema mama huyu ana huzuni mpaka kwenye soli. Mhariri kafunga kompyuta yake. Roho kwatu!

Nyumbani mke wangu kauliza viatu viko wapi, Jumamosi anavitaka. Nikamwambia amuulize mdogo wake, si alikuja juzi? Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu na mdogo wake hawasemezani. Shemeji kaniandikia: nitetee shemeji, wewe unanijua. Nimemjibu namwombea. Nimejaribu kuviunga viatu kwa gundi ya mbao. Vimegandana. Kimoja kwa kingine.

Jumamosi, 8 Machi
Onyesho la kwanza! Mke wangu kaja na kandambili, makusudi. Shemeji kakaa nyuma yetu, kanuna. Tukio la mwisho, mjane akaanza kutembea. Kwii. Mke wangu akanigeukia taratibu. Kwii.

"Baba watoto, hicho kiatu changu."

Nikasema ni kompyuta.

"Miaka sita nakivaa. Cha kushoto. Usinichezee!"

Shemeji akadakia kwa sauti, "Na mimi niliitwa mwizi!" Ukumbi mzima ukageuka. Nikapiga magoti hapo hapo, katikati ya viti, nikaungama yote: kisu, gundi, uongo. Niliponyanyua kichwa, skrini nyeusi, taa zinawaka. Shemeji akaniambia, kwa furaha mbaya, kwamba jina langu limepita. Kwa herufi kubwa. Pole.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetubu. Viatu vipya nimenunua, jozi mbili, ya shemeji imo. Nimeapa mbele yao wote: kitu cha mtu sigusi tena, maisha.

Mchana mwongozaji kapiga simu. Filamu mpya. Anataka mlango unaolia kama mtu aliyeachwa. Nikiupata, jina linakaa mwanzoni kabisa, kabla hadithi haijaanza. Mwanzoni! Nani atakuwa amepiga magoti mapema hivyo?

Nimewaza sana. Mlango wa kabati la mama mkwe unalia vizuri mno. Kesho asubuhi anakwenda kliniki.

Bisibisi ninayo.