Divai Tamu kwa Harusi ya Mzee Gidabuday

Jumatatu, 5 Julai 2004

Katoni kumi za divai tamu zimefika Nangwa! Si divai ya kawaida. Imeongezewa pombe kali, haichachi hata ikikaa wazi. Mke wangu Marieta ameuliza ndama wake yuko wapi. Nimemweleza kwamba ndama sasa ni katoni. Hakufurahi. Lakini wiki ijayo Mzee Gidabuday anamwoza binti yake! Mzee akizinunua zote, Marieta atapata ndama wawili.

Jumanne, 6 Julai

Mazoezi. Wakala wa Arusha aliyeniuzia alinielekeza: tazama, nusa, onja, tema. Anayemeza hawezi kupima. Rangi: chai ya rangi. Harufu: zabibu kavu, dawa ya kikohozi kwa mbali. Utamu: nane kwa kumi! Marieta ameuliza kama na ugali wake nitautema. Jirani yetu Yoakimu, mrina asali, amechungulia uani akacheka. Harusi zote huku hunywa pombe ya asali yake. Wivu tu.

Alhamisi, 8 Julai

Kwa Mzee Gidabuday. Wazee wanne, shikamoo kwa kila mmoja. Nikamimina. Nikatazama, nikanusa, nikaonja, nikatema mbele yao. Mchirizi safi kabisa!

Nilisahau kitu ambacho kila mtoto wa huku anakijua: anayetema kinywaji mbele za watu ni mzee, na hutema kubariki.

Mzee akauliza taratibu, "Kijana, hapo umembariki nani?"

Nikafikiri haraka, kibiashara. "Ninyi, wazee wangu."

Bora ningenyamaza. Walishauriana kwa Kitatoga muda mrefu, wakimaliza chupa tatu bila kutema hata tone. Divai wakaisifu. Kisha hukumu: aliyewabariki wakubwa wake alete asali, ipikwe pombe ya kusafisha kosa.

Jumamosi, 10 Julai

Asali ya kutosha anayo Yoakimu peke yake. Divai hataki. Amechukua mbuzi wa Marieta, akanipa pole huku akitabasamu.

Jumapili, 18 Julai

Harusi imepita. Pombe ya faini yangu ilipikwa nyingi, ikanywewa harusini, ikabaki. Mzee ametuma salamu: asante sana, divai haikuhitajika. Katoni ziko chini ya kitanda. Marieta amehamia jikoni.

Nimekaa nikachambua kila hatua. Kosa ni moja tu: nilitema nimesimama! Jumatano kuna kikao cha harusi kule Maretadu, wazee tisa. Nitatema nimekaa.