Baruti ya Marehemu Harlan

Jumatatu, 13 Oktoba
Mama mkwe Opal ametangaza. Bunduki ya marehemu mumewe, Harlan, ni ya mkwe atakayemletea kindi wa mchuzi wa Jumapili. Mchuzi mweupe, mzito, wa kula na mikate ya moto, kama aliokuwa akimpikia Harlan. Wakwe tuko wawili: mimi, na mwanyumba wangu Merle, aliyeoa dada wa Darlene, mke wangu. Merle hununua risasi dukani. Mvivu! Mimi nitajaza zangu mwenyewe, baruti na risasi kwenye maganda matupu, kwenye meza ya Harlan katika chumba cha chini ya nyumba. Opal ameniazima na bunduki yenyewe. Darlene kauliza kama nitasoma kwanza kitabu cha vipimo vya baruti. Nimemjibu kuwa nilimtazama baba yake akijaza miaka yote.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimempata kindi! Nimeokota mkia. Nilijaza baruti ya kumtosha mbweha, na kindi ni nyama ya kujaa kiganja tu. Merle kaniuliza kama mama atakula mchuzi wa manyoya. Nikacheka naye, asione nimeumia.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimesoma kitabu. Ukurasa mmoja, unatosha. Nimejaza upya huku nasikiliza besiboli redioni. Harlan alikuwa hataki hata mtu akohoe karibu na meza hii. Mzee alikuwa na mambo yake. Mpira ukapigwa mbali, nikaruka. Niliporudi kwenye kiti, maganda yote yalionekana yamejaa.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nilikwenda msituni na Merle, ashuhudie. Kindi katulia juu ya tawi. Nikafyatua. Badala ya mlio, bunduki ikakohoa. Kindi akanitazama. Nikatia nyingine haraka, na Merle akanidaka mkono.
"Acha, mwanyumba. Acha kabisa."
Akaitoa risasi, akachungulia ndani ya mtutu. Giza. Ganda la kwanza halikuwa na baruti, na risasi yake, ikisukumwa na fataki ya kitako tu, ilikuwa imekwama katikati. Ningefyatua ya pili, mtutu ungenipasukia usoni. Tulikaa kwenye majani makavu. Nilimfikiria Darlene akipelekewa habari. Niliogopa sana. Njia nzima Merle hakunitania, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 19 Oktoba
Kindi wa Merle walikuwa watamu. Bunduki kachukua yeye. Opal akanishika uso kwa mikono yake miwili.
"Mwanangu, mwaka huu nimeshazika mmoja. Niahidi hutajaza tena risasi za bunduki ile."
Nikaahidi, machozi yakinilengalenga. Niliahidi kwa moyo wote.
Bunduki ile. Hii yangu ya marisau, zile chembe ndogo za risasi, ni bunduki nyingine kabisa, na mama hakuitaja. Tena ndiyo inayofaa kwa sungura, na Merle hajawahi kumletea sungura. Darlene kamsindikiza dada yake, bado hajarudi. Nimeshuka mezani, maganda nimeyapanga vizuri. Kimya cha huku chini kinamvuruga mtu akili, kwa hiyo nimewasha redio.