Mwalimu wa Kwaya ya Makinda

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeaibika mbele ya watu wa majani chai. Binti yangu Kinya anasomea ndege chuo kikuu. Ameweka vinasa sauti katika mashamba mawili hapa Kanyakine, letu na la Muthamia, ng'ambo ya kijito. Anamchunguza yule ndege wa kifua cha rangi ya chungwa, anayeiga kila anachosikia. Leo Muthamia ametangaza pale kituo cha kuuzia majani kwamba, kwa hesabu ya Kinya, ndege wake anajua nyimbo kumi na tisa. Wangu? Saba! Akaongeza kwamba hata ndege hufuata mwenye shamba. Watu wakacheka. Nikainama kwenye kikapu, eti natoa majani mabaya.

Muthamia ndiye aliyepewa kwaya ya kanisa waliponiondoa. Sitasema zaidi.

Jumatano, 7 Mei

Nimemuuliza Kinya kwa upole, kama mtu asiye na neno. Anajua kueleza, mtoto huyu! Ndege huyu hazaliwi na wimbo wake. Kinda humsikiliza baba yake, kisha hubwabwaja kama mtoto mchanga. Anajisikiliza, anajirekebisha, mpaka wimbo unakaa. Asiposikia mkubwa, huimba kombo. Kuna makinda wawili kwenye ua wetu, karibu na zizi. Kinya anataka kujua watachukua nyimbo zipi kwa baba yao na zipi kwa ndege jirani. Shahada yake yote imesimama hapo. Amesema tusiwasumbue.

Nimeelewa vizuri kabisa. Makinda wana mwalimu dhaifu. Na hapa nyumbani kuna mtu aliyefundisha kwaya miaka kumi na minne!

Alhamisi, 8 Mei

Alfajiri, kabla ya kukamua. Nimetundika koti langu juu ya kinasa sauti, kisha nikawapigia makinda mluzi. Wimbo wangu wa matoleo, nilioutunga mwenyewe. Mara arobaini! Ng'ombe akazuia maziwa. Mke wangu Karwirwa ameuliza mbona ndoo imekuja nusu. Nimesingizia baridi. Nimeona haya, lakini kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Mwezi mzima sijakosa somo hata siku moja. Makinda wamekwisha kuruka. Leo mmoja amejificha kwenye ua akibwabwaja, na katikati ya kubwabwaja nimesikia kipande changu! Kanisani nimetabasamu muda wote Muthamia akiongoza. Baada ya misa padre ameniuliza kama kuna harusi nyumbani.

Ijumaa, 4 Julai

Kinya ameingia jikoni mbio. Kinda mmoja ana wimbo mpya! Haumo katika rekodi zake za awali, wala za mtu mwingine yeyote. Amekwisha kumwandikia msimamizi wake, Dkt. Ahmednoor, na msimamizi anakuja Jumatano. Akanikumbatia. Akasema shamba letu limembariki.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua. Nikasema hongera.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya kuliko zote.

Dkt. Ahmednoor amefika. Mtu mpole, hakunywa hata chai kabla ya kuona ndege. Tukasimama kando ya zizi. Ndege akaanza. Wimbo wa matoleo, mwanzo hadi mwisho, na noti ya nne ikishuka pale inapotakiwa kupanda. Kisha akakohoa! Kikohozi changu cha asubuhi, pamoja na kile kikoromo cha mwisho. Ng'ambo ya kijito, ndege wa Muthamia akajibu: wimbo, noti iliyoshuka, kikohozi.

Daktari ameuliza ni nani hapa ana shida ya kifua. Karwirwa akanitazama. Kinya alikuwa amefumba macho. Akasema polepole kwamba anaijua hiyo noti ya nne. Ndiyo iliyomfanya atolewe kwaya ya shule akiwa darasa la sita, kwa sababu wimbo alifundishwa na mimi.

Sikujua. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekiri yote, hata koti. Daktari amesema rekodi za mashamba yote mawili hazifai tena. Nani atatenganisha cha ndege na changu mimi, Gitobu? Kinya hatahitimu na wenzake. Hakunipigia kelele, na ningeshukuru angepiga. Ameuliza tu kwa nini nilinyamaza siku ile aliponikumbatia. Nimeshinda zizini nikijifanya nafagia. Muthamia amepita mara mbili akikohoa.

Jumamosi, 12 Julai

Kinya ataanza upya kwa mjomba wake Mithika, huko Muthara, mvua ikirudi. Ameniapisha mbele ya mama yake na katekista: nisikanyage huko, na nisipige mluzi palipo na ndege. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Nimelia mbele ya katekista, mtu mzima mimi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi nimefunzwa barabara.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua imerudi. Mithika amepiga simu: makinda wameanguliwa kwenye ua wake, wawili, lakini baba yao haonekani siku ya tatu sasa. Labda ameliwa na kipanga. Yatima! Watamsikiliza nani?

Nimeapa kutokanyaga Muthara, na sitakanyaga. Nimeapa kutopiga mluzi, na sitapiga. Nimemwomba Mithika aache simu yake chini ya ua kila alfajiri, sauti juu kabisa. Nitawaimbia kwa mdomo, taratibu, bila haraka. Nimemwambia asimdokezee Kinya hata kidogo. Nataka anishukuru akiwa amekwisha kusikia matokeo.